Jibu: Sioni nyungunyungu bustanini, je, udongo umechoka?

Mkuu, si lazima. Umesema ulichimba tuta la mchicha saa nane mchana, kiangazi hiki. Wakati huo nyungunyungu hushuka chini au hujikunja kama fundo wakisubiri unyevu, kwa hiyo hesabu hiyo itupe.

Pima upya asubuhi, siku mbili tatu baada ya mvua. Chimba sentimita 30 kwa 30, kina 20, mwaga udongo juu ya gunia, vunja mabonge kwa vidole ukihesabu. Wakifika kumi hivi, uko vizuri. Mabuu meupe manene yenye miguu, yaliyojikunja kama herufi C, usiyahesabu: ni watoto wa mbawakavu, na wengine hutafuna mizizi. Angalia pia vijirundo vya udongo laini wa punjepunje juu ya tuta. Hicho ni choo cha nyungunyungu.

Wakiwa wachache, usihangaike kununua wa kumwaga. Pasipo chakula na unyevu hawakai. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 8, weka samadi iliyooza (mbichi huwaunguza kwa joto na amonia), na punguza kupindua udongo kwa jembe.