Jioni Rasmi Melini: Vaa Kama Unakwenda Harusini Lamu

Mwanangu aliponipigia simu kuniambia ametulipia mimi na babake twende naye safari ya meli ya siku saba, kutoka Southampton kwenda Norwei na kurudi, sikumuuliza habari ya bahari. Sisi wa Lamu bahari tumelala nayo. Hata ndege tunaifuata kwa mashua, maana uwanja uko ng'ambo, Manda. Nilichouliza ni nguo. Akanijibu, "Mama, kuna jioni mbili za mavazi rasmi. Baba atafutiwe suti nyeusi na tai ya kipepeo, na wewe gauni." Nikakaa kitako kitandani. Miaka mingi nimeshona nguo za harusi mji huu, na siku hiyo sikujua nianze na kitambaa gani.

Tangu turudi, wamekuja kwangu kina mama kadhaa ambao watoto wao wako Uingereza au Marekani na wanawaita safari kama ile. Wote wana swali lilelile, kwa hiyo nimeona niliandike jibu.

Kwanza hizo jioni zenyewe. Safari ya siku saba mara nyingi huwa na jioni rasmi mbili. Ya kwanza kwa kawaida huwa usiku wa pili, meli ikiwa imeshinda baharini bila kutia nanga popote na watu wamekwisha kufungua masanduku yao. Mara nyingi kepteni hutoka kuwaamkia abiria, wapiga picha hujipanga kwenye ngazi kubwa, na kila mtu hutembea polepole kidogo. Masharti ya mavazi huanza saa kumi na mbili jioni. Nasema saa, sisemi magharibi, kwa sababu kule Norwei mwezi wa Juni saa nne ya usiku jua bado unaliona. Tulikuwa tunakwenda mezani kukiwa kweupe kama alasiri, na Magharibi tukiiswali baada ya kula.

Kampuni hazifanani, na hapa ndipo wengi hukosea, kwani husikia neno "rasmi" wakadhani ni kitu kimoja kila mahali. Cunard wanashikilia sana mambo haya: mwanamume koti jeusi la jioni na tai ya kipepeo, au suti nyeusi; mwanamke gauni refu au vazi la heshima ya kiasi hicho. Carnival nao wana jioni mbili kwa safari za siku sita kwenda juu, lakini shati zuri na suruali ya kitambaa hukubaliwa. Norwegian Cruise Line hawamlazimishi mtu kabisa. Basi muulize mwanao jina la kampuni, akusomee masharti yake neno kwa neno, ndipo uende dukani. Na ukiwa hutaki kujipamba usiku huo, hakuna atakayekufukuza: ukumbi wa bafe huwa wazi, unakula kwa nguo zako za kawaida. Kinachokukosa ni ukumbi mkubwa na mambo yake.

Mimi jambo lilinifungukia siku nilipoacha kufikiria nguo za Wazungu nikafikiria zetu. Hapa kwetu kila mwanamke anajua kuna nguo za kushinda, kuna za kutokea, na kuna za harusi. Dera na leso ni za kushinda. Za kutokea ni zile za kwenda kumtembelea mtu, au alasiri ya Idi. Za harusi hazihitaji maelezo. Jioni za kawaida melini zinataka nguo za kutokea. Jioni rasmi inataka nguo za harusi. Ukishika hilo, maswali mengi huisha yenyewe. Vazi ambalo usingethubutu kuingia nalo usiku wa kupamba bibi harusi, usiingie nalo ukumbi ule.

Jirani yangu mmoja alitutangulia kusafiri. Alichukua madera sita, mazuri, mapya, ya rangi za kupendeza, akihesabu kuwa ni marefu na yana stara. Jioni zote mbili alikula bafe. Hakuna aliyemkataza kuingia ukumbini. Alifika mlangoni, akaona wenzake walivyovaa, akageuka. Alinisimulia kwa uchungu, na ndiyo maana nalisema wazi: dera, hata likiwa la bei gani, ni nguo ya nyumbani, na sisi wenyewe tunajua hivyo.

Lakini kipimo changu cha harusi kina kasoro kwa wanawake, nami nilichelewa kuiona. Usiku wa kupamba ni wetu peke yetu. Gauni la mawe lenye mgongo wazi na mikono ya shifoni tunalivaa kwa sababu wanaume hawaingii, na njiani tunalifunika kwa buibui. Melini ukumbi ni mchanganyiko. Wanaume wako mezani, wako mlangoni, ndio wanaokuletea sahani. Nilikuwa nimekwisha kutoa gauni langu bora kabatini nilipokumbuka hayo, nikalirudisha.

Nilichofanya ni kushona upya. Gauni refu jeusi la krepu, lisilobana, bila mawe. Juu yake abaya ya wazi mbele, rangi ya zabarijadi, yenye darizi ya uzi wa dhahabu kwenye mikono na ukingoni. Mtandio wa hariri wa rangi ile ile. Jioni ya pili nikavaa gauni lilelile na abaya nyingine, ya kijivu. Hii ndiyo hesabu ninayowapa wateja wangu: gauni moja, abaya mbili. Sanduku linakuwa jepesi, na picha za jioni mbili zinaonyesha mavazi mawili. Wepesi huo si jambo dogo kwa sisi tunaoanzia Manda, kwani baadhi ya ndege ndogo za kwenda Nairobi huruhusu kilo 15 tu.

Chagua kitambaa kinachonyooka chenyewe. Krepu nzuri ukiitungika usiku, asubuhi imenyooka. Pamba na kitani viache nyumbani. Pindo likatwe ukiwa umevaa viatu vile vile utakavyovaa melini, nalo lisiguse sakafu, kwa sababu meli huyumba na ngazi ni nyingi. Mimi nilivaa viatu vya kisigino kifupi kipana, nikashukuru usiku wa kwanza tu, bahari ilipochafuka kidogo nikawaona wenzangu wenye visigino vya msumari wakishika kuta. Na uchukue shali nzito. Eisi ya ukumbini ni kali kuliko baridi ya nje.

Sasa mzee wangu.

Yeye alikodi suti siku tuliyofika, duka moja huko mjini. Ilikuwa suti nzuri kwenye kibanio. Mwilini, mabega yalimbana na mikono ilikatia juu ya kifundo. Mimi ni fundi, niliona kabla hajageuka, lakini meli ilikuwa inaondoka kesho yake na hakukuwa na saizi nyingine. Jioni ile ya kwanza alikula kama mtu aliyefungwa kamba kifuani. Hakulalamika, si mtu wa kulalamika, ila aliporudi chumbani alilivua koti kabla sijafunga mlango. Niliumia kumwona hivyo, kwa sababu sandukuni mlikuwa na kanzu yake ya darizi, koti lake jeusi alilolishonea harusi ya binti yetu, na kofia ya vito, ile iliyodariziwa vitundu vidogo vidogo. Tulikuwa tumezichukua za Ijumaa. Hatukufikiria kuwa ndizo nguo za jioni rasmi.

Asubuhi yake mwanangu akawaandikia wenye meli, akapeleka na picha. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo: vazi rasmi la kwao mtu linakubaliwa sawasawa na suti. Kumbe kampuni nyingi ndivyo zilivyo. Waskoti huingia na vikoi vyao vya mistari, Wahindi wanawake na sari zao. Jioni ya pili mzee wangu alivaa kanzu, koti na kofia, akatembea kama anavyotembea Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, siku ya Idi.

Mlangoni kijana mmoja alimwomba kwa adabu avue kofia. Kwao mwanamume havai kofia mezani, na hakukosea kuuliza. Mwanangu akamwonyesha lile jibu kwenye simu, kijana akatupisha. Nakushauri uandike kabla ya safari na ulichapishe jibu kwenye karatasi, maana melini intaneti ni ghali na hukatika. Karatasi moja mfukoni mwa koti inaondoa mabishano yote.

Mezani tulikaa na bibi mmoja mtu mzima ambaye maisha yake yote alikuwa akidarizi. Alivaa miwani, akaomba kuishika kofia. Akapitisha kidole juu ya vile vitundu, kimoja kimoja, akauliza ni mashine gani. Nikamweleza kuwa hakuna mashine: kila kitundu kimezungushiwa uzi kwa sindano na mkono, na kofia kama ile huchukua miezi. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akaniuliza aina ya uzi, na tokea hapo sisi wawili hatukusikia tena maneno ya wenzetu mezani.

Kwa anayetaka kumvalisha mzee wake kanzu, kuna mambo ya kuangalia. Kanzu nyeupe nyembamba chini ya taa za wapiga picha huonyesha ndani. Avae suruali nyeupe ndefu na fulana ya mikono, ambavyo vitamfaa kwa baridi pia. Koti liwe jeusi au la samawati iliyokoza, limkae mabegani, kwa sababu kanzu haifichi koti baya. Makubadhi ya Siyu nayapenda kuliko kiatu chochote, lakini kwenye meli zinazoshikilia masharti, mwanamume mwenye viatu vya wazi anaweza kurudishwa. Achukue viatu vyeusi vya kufunika, makubadhi ayavae mchana. Joho ni zuri likiwa kwa aliyezoea kulivaa. Jambia lisisafiri kabisa hata likiwa la pambo, litachukuliwa kwenye ukaguzi kabla hamjapanda.

Na kama yeye mwenyewe anapenda suti, mshonee huku kwa fundi anayempima, nyeusi isiyong'aa, na shati jeupe. Suti moja hutosha jioni zote mbili. Abadilishe tai tu. Asikodi.

Yamebaki mambo ya chumbani. Pasi hairuhusiwi, ya kawaida wala ya mvuke. Wakiikuta sandukuni wanaihifadhi wao mpaka mwisho wa safari. Meli nyingine zina chumba cha kufulia chenye pasi, ila alasiri ya jioni rasmi foleni yake ni ndefu, kwa hiyo nenda asubuhi baada ya chai. Darizi ya dhahabu igeuze ndani nje na uitandikie kitambaa juu kabla ya kupitisha pasi, la sivyo uzi unapoteza mng'aro. Pasipo chumba hicho, tungika nguo bafuni, fungulia maji ya moto dakika chache, funga mlango. Bafu ni dogo mno. Mzee atawadhe kabla ya kuvaa kanzu.

Chetezo nacho usibebe. Moto wa aina yoyote chumbani umekatazwa, uwe mshumaa, uwe mkaa, uwe udi. Hili lilinisumbua kuliko yote, maana kwangu nguo ya harusi isiyofukizwa haijakamilika. Nilizifukiza nyumbani siku moja kabla ya kuondoka, udi mwingi, nguo zimefunikwa vizuri juu ya tenga, kisha nikazifunga kwenye mifuko ya nailoni zingali na joto la moshi. Jioni ya pili, siku ya sita tangu tutoke Lamu, nilipofungua mfuko wa kanzu chumba kizima kilinukia. Mhudumu wetu, kijana wa Goa, alisimama mlangoni na mataulo yake akasema harufu ile aijua kwa bibi yake.

Usiku wa mwisho hauna mavazi rasmi, kwa sababu masanduku hukusanywa usiku huo huo kutoka mlangoni na hutayaona tena hadi bandarini. Wako wanaofunga kila kitu wakabaki na nguo za kulalia. Toa nguo za asubuhi kwanza, na viatu vyake, ndipo ufunge. Kofia ya vito haikuingia sandukuni hata siku hiyo. Niliitia taulo ndogo ndani ili isibonyee, nikaifunga kwa mtandio, nikaipakata mpaka Manda.