Mwone Mtakwimu Kabla Dodoso Halijachapwa

Kwa miaka mingi nimefanya kazi katika idara ya chuo kikuu inayofundisha epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea na yanavyosababishwa, na takwimu za afya, na sehemu ya kazi hiyo ni kuwapokea wanafunzi wa uzamili, madaktari na wauguzi wanaohitaji msaada katika tafiti zao. Wengi hufika wakiwa na faili la data lililokwisha kujazwa, tarehe ya kuwasilisha iliyokaribia mno, na ombi moja: wachambuliwe data hiyo. Ushauri wangu kwa yeyote anayeanza utafiti wa afya ni kwamba aje wakati bado hana chochote isipokuwa swali, kwa sababu sehemu kubwa ya msaada wetu hutolewa kabla mshiriki wa kwanza hajahojiwa.

Mwaka 1938 mtakwimu Mwingereza Ronald Fisher alieleza kwamba kumwendea mtakwimu baada ya jaribio kumalizika mara nyingi ni sawa na kumwomba afanye uchunguzi wa maiti. Pengine ataweza kusema jaribio lilikufa kwa sababu gani. Kauli hiyo ni kali, lakini nimeketi mbele ya data ambazo programu yoyote ya kompyuta isingeweza kuziokoa. Dodoso liliuliza kama mgonjwa anavuta sigara bila kuuliza alianza lini, hivyo haijulikani kipi kilitangulia kati ya sigara na ugonjwa. Au wagonjwa wote walihojiwa kwa uangalifu mkubwa, lakini hakuna mtu asiye mgonjwa aliyehojiwa ili kulinganishwa nao.

Jambo linalowaleta watu wengi zaidi ni ukubwa wa sampuli, yaani idadi ya watu watakaochunguzwa, na hapa nitakaa kidogo. Namba 384 imezunguka katika maandiko ya utafiti kiasi kwamba naikuta hata mahali ambapo haina kazi yoyote. Asili yake ni halali: mtafiti anapotaka kukadiria asilimia ya watu wenye hali fulani katika jamii, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95 na kwa kosa lisilozidi pointi 5 za asilimia juu au chini, na akachukulia kuwa asilimia yenyewe ni 50 kwa kuwa hana taarifa nyingine, kanuni humpa 384. Aliyekuja kulinganisha makundi mawili, hata hivyo, anahitaji hesabu nyingine kabisa. Ikiwa anatarajia kwamba tatizo litashuka kutoka asilimia 20 hadi asilimia 10, atahitaji watu wapatao 200 katika kila kundi ili awe na nafasi ya asilimia 80 ya kuigundua tofauti hiyo. Ikiwa anatarajia lishuke kutoka asilimia 15 hadi 10 tu, atahitaji karibu watu 700 katika kila kundi. Kadiri tofauti inayotafutwa inavyokuwa ndogo, ndivyo gharama inavyopanda kwa kasi ambayo wengi hawakuitegemea. Tena, kama washiriki watachaguliwa kwa makundi, kwa mfano darasa zima au kaya zote za mtaa mmoja, namba hiyo italazimika kuongezwa, kwa kuwa watu wanaoishi au kusoma pamoja hufanana.

Kwa hiyo anayeniuliza anahitaji watu wangapi hujibiwa kwa swali: ni tofauti ya kiasi gani ambayo ingebadilisha namna unavyomtibu mgonjwa? Jibu la swali hilo liko kwa tabibu, si kwa mtakwimu, na asiye nalo hajawa tayari kwa hesabu yoyote.

Wenzangu wa epidemiolojia huhangaika zaidi na kundi la kulinganisha. Watafiti Waingereza Richard Doll na Austin Bradford Hill, katika utafiti wao wa mwaka 1950 kuhusu sigara na saratani ya mapafu, waliwalinganisha wagonjwa wa saratani hiyo na wagonjwa wengine wa hospitali wa jinsia ileile na umri unaokaribiana, kwa kuwa umri peke yake ungeweza kuleta picha ya uongo. Bradford Hill huyohuyo alihusika na jaribio la streptomycin dhidi ya kifua kikuu, lililochapishwa mwaka 1948, ambamo wagonjwa 107 waligawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya miezi sita, walikuwa wamefariki 4 kati ya 55 waliopewa dawa, na 14 kati ya 52 waliotibiwa kwa mapumziko ya kitandani pekee. Hapo hapahitajiki mbinu ngumu ili kuelewa kilichotokea, kwa sababu mpango wenyewe ulikwisha kufanya kazi kubwa. Nasema hivi hasa kwa wanafunzi wanaotaka tuwape modeli ya kuvutia ili kufunika mpango dhaifu.

Kuhusu utunzaji wa data nitakuwa mfupi, ingawa ndiko wiki nyingi hupotelea. Andika kamusi ya data kabla ya kuanza kuingiza chochote, ikieleza kila kigeu, yaani kila jambo unalorekodi kama umri au uzito, kinapimwa kwa kipimo gani na kila namba ina maana gani. Usiweke 99 kwa mtu asiyetaja umri wake, maana siku moja mtu mwingine atakokotoa wastani na kupata jamii ya wazee. Rangi za visanduku, ambazo wengi huzitumia kuwatenga wagonjwa waliofariki, hazisomwi na programu za uchambuzi. Tengeneza safu ya kuonyesha nani amefariki.

Andika pia mpango wa uchambuzi mapema, ukitaja tokeo kuu moja, yaani jambo utakalolipima ili kujibu swali lako. Anayejaribu matokeo 20 ambayo kwa kweli hayana uhusiano wowote na dawa yake anaweza kutarajia moja lipite chini ya thamani ya p ya 0.05, mpaka uliozoeleka wa kuliita tokeo la maana kitakwimu, kwa bahati tu, na tukiombwa tulitafute hilo moja huwa tunakataa, kwa adabu.

Mwisho ni suala ambalo watu huona haya kulizungumza. Mtakwimu aliyeshiriki kupanga utafiti, kuchambua na kutafsiri matokeo, kisha akachangia kuandika makala, anastahili kuwa miongoni mwa waandishi, ilhali aliyejibu swali moja la nusu saa anatosha kushukuriwa. Kubalianeni katika kikao cha kwanza, na kwa kikao hicho njoo na ukurasa mmoja tu: swali lako, watu utakaowachunguza, tokeo utakalopima, muda na fedha ulizonazo. Rasimu ya dodoso ilete pia, ikiwa ipo, lakini iwe katika hali ambayo bado tunaweza kuichora kalamu nyekundu.