Usijumlishe chaneli mapema

Mdogo wangu unayeingia astronomia ya redio hapa Nairobi, nakuomba jambo moja kabla ya yote: usijumlishe chaneli zako, yaani vipande vyembamba vya masafa, mapema. Mimi nilifanya hivyo. Data ilikuwa nzito, kompyuta ndogo, na stima kule Kahawa West ikipotea kila mara. Nikaona nipunguze mzigo kwa kuunganisha masafa yote yawe picha moja. Picha za Q na U, zile zinazoonyesha polaraizesheni (mawimbi kutikisika kuelekea upande mmoja), zikatoka tupu, nikaandika kwamba kundi la galaksi nililokuwa nikichunguza halina polaraizesheni. Miezi mitatu baadaye ndipo nilipogundua kwamba ishara ilikuwapo, nami ndiye niliyeifuta.

Chanzo ni mzunguko wa Faraday. Wimbi likipita kwenye gesi yenye elektroni na uga sumaku, mwelekeo wa mtikisiko wake huzungushwa, na mzunguko huo hukua kwa mraba wa urefu wa wimbi. RM, kipimo cha nguvu ya mzunguko huo, ikiwa radiani 100 kwa mita mraba tu, kati ya MHz 900 na MHz 1,670 tofauti inafika digrii 450 hivi. Panda juu ya jengo la KICC saa kumi na moja jioni uwatazame watu pale Archives: huyu anaelekea Rongai, yule Githurai, mwingine Kikuyu. Ukipiga wastani wa mielekeo yao utasema hakuna aendaye popote. Usanisi wa RM, ulioelezwa na Brentjens na de Bruyn mwaka 2005, huirudisha kila chaneli kwenye mwelekeo wake kwanza, kisha ndipo hujumlisha.

Lakini mielekeo hufutana pia ndani ya doa moja la picha, yaani eneo dogo kabisa ambalo darubini inaweza kulitenganisha, na hapo programu haisaidii. Panahitaji darubini yenye jicho kali na usikivu mkubwa. Ndiyo maana naingoja kwa hamu SKA-Mid, darubini ya redio inayojengwa Karoo, Afrika Kusini, yenye sahani 197 zikiwemo 64 za darubini ya MeerKAT iliyopo tayari, mradi ambao Kenya ni mshirika wake wa Afrika.

Kwa sasa anzia pembezoni mwa makundi, kwenye matao yanayoachwa na mawimbi ya mshtuko. Tao la kundi la CIZA J2242.8+5301 lina sehemu zenye polaraizesheni ya asilimia 50 hadi 60. Halo, yaani mng'ao wa redio uliotandaa katikati ya kundi, ni ngumu mno: nyuzi zenye polaraizesheni za kundi la Abell 2255 zilitangazwa mwaka 2005 kuwa za halo, baadaye usanisi wa RM ukaashiria kwamba ziko pembezoni.

Na ukiona kilele kwenye kina cha Faraday cha sifuri, yaani pasipo mzunguko wowote, usishangilie bado. Mara nyingi ni mwanga usio na polaraizesheni uliovuja ndani ya chombo chenyewe. Rudi kwenye usawazishaji wako, uupime kwa chanzo kinachojulikana kuwa hakina polaraizesheni.