Takwimu za rejista zisikuchagulie dawa

SWALI: Mama yangu ana miaka 67. Makohozi yake yameoteshwa maabara mara mbili, siku tofauti, na mara zote yameotesha Mycobacterium avium, bakteria wa mapafu wa ukoo mmoja na yule wa kifua kikuu. Kifua kikuu hana. CT skani inaonyesha vinundu, hakuna matundu. Daktari anataka kumwanzishia dawa tatu, pia anamwomba aingie kwenye rejista ya wagonjwa wa aina hii, yaani daftari linalokusanya taarifa za ugonjwa na matibabu yao. Lakini kuna mtu anayejiita mshauri wa mapafu, ametuonyesha namba alizosema ni za rejista: eti waliotumia antibiotiki ya azithromaisini peke yake walifanya vizuri kuliko waliopewa dawa tatu. Asaini? Na dawa je?

JIBU: Asaini, mradi fomu ya ridhaa ieleze nani atasoma taarifa zake, jina lake litafichwaje na akitaka kujitoa afanyeje. Matibabu yake hayatabadilika kwa kuwa ameingia.

Huyo mshauri wenu ndiye anayenitia hasira. Rejista haipigi kura kuamua nani apewe nini. Daktari ndiye huamua, na humpa dawa nyingi yule aliye mgonjwa zaidi. Mwenye matundu hunywa dawa tatu kila siku, mara nyingi na amikasini ya sindano juu yake. Mwenye dalili hafifu huenda akafuatiliwa tu bila dawa. Ukiwalinganisha hivyo hivyo, bila kuangalia ukali wa ugonjwa, utasema zimamoto ndio wanaounguza nyumba, maana kila walipo pana moshi.

Kisha kuna waliopotea. Aliyezidiwa akaacha kliniki haonekani kwenye safu ya mwisho, na waliobaki wanapendeza. Na “kufanya vizuri” maana yake nini? Kikohozi kupungua si sawa na makohozi kuacha kuotesha bakteria maabara.

Azithromaisini peke yake kwa ugonjwa huu ni hatari. Miongoni mwa vimelea vingi wapo wachache wenye mabadiliko ya jeni yanayowakinga na dawa hiyo. Wengine wakifa, hao ndio hutawala pafu. Usugu wa kundi hilo la dawa ukishaingia, matibabu huwa marefu, mazito na matokeo yake mabaya. Ndiyo sababu huongezwa rifampisini na ethambutoli. Kwa vinundu bila matundu, kwa kawaida dawa zote tatu hunywewa mara tatu kwa wiki, hadi ipite angalau miezi 12 tangu makohozi yaache kuotesha. Ethambutoli inataka macho yapimwe: akiona rangi zimefifia, apige simu siku hiyo hiyo.

Rejista yenyewe ina faida pale tu inapojazwa sawasawa. Aliyeandika “abscessus” (Mycobacterium abscessus, bakteria mwingine wa ukoo huo) bila kutaja nususpishi, yaani tawi lake, ameharibu safu, kwa sababu tawi la massiliense kwa kawaida huitikia azithromaisini ilhali tawi liitwalo abscessus mara nyingi hujenga usugu dawa ikiwa inaendelea. Mtu ambaye makohozi yake yameotesha mara moja M. gordonae, bakteria mwingine wa ukoo huo anayepatikana majini, huenda alisukutua kwa maji ya bomba kabla ya kutoa makohozi; kumhesabu mgonjwa ni uzembe. Tarehe inayotakiwa ni ya kutoa makohozi, si ya majibu kutoka, na dawa ikisimamishwa sababu iandikwe.

Kwa hiyo atakayekuja na asilimia za rejista aulizwe wangapi walianza, wangapi walipotea, na nani alikuwa na matundu. Asipojua, msinunue kitu kwake.