Jina la zamani likirudi, uliza nani anashona viraka

Mgahawa wetu wa intaneti pale Magomeni ulikuwa na kompyuta nane, feni mbili, na mteja mmoja ambaye sikuwahi kumsikia akitamka neno "intaneti". Alikuwa mzee mstaafu wa bandari. Mambo haya alijifunzia kazini miaka ya tisini mwishoni, na kwake yote yalikuwa Netscape. "Kijana, nifungulie Netscape," ndiyo salamu yake ya pili baada ya kuitikia shikamoo, hata siku alizokuja kusoma tu barua pepe ya binti yake aliyeko Muscat. Nami namwelekeza mashine namba 4, namfungulia Internet Explorer, ananishukuru. Netscape yenyewe ilikuwa imeshapotea kwenye mashine zetu zote.

Nimemkumbuka kwa sababu mpwa wangu ameniuliza majuzi kuhusu kivinjari (programu ya kufungulia kurasa za wavuti) kimoja cha zamani kilichofufuliwa na wamiliki wapya. Kimepakwa rangi, kina ahadi nyingi, na yeye anataka kukihamia na nywila zake zote. Sikumjibu ndiyo wala hapana. Nilimsimulia yaliyonikuta mwaka 2005, kisha nikaona niyaandike na hapa.

Kwa wasiokuwepo: Netscape ndiyo iliyowaonyesha watu wengi duniani ukurasa wa wavuti kwa mara ya kwanza. Navigator 1.0 ilitoka Desemba 1994, na Agosti 1995 hisa za kampuni zilipoingia sokoni, bei yake ilipanda kutoka dola 28 hadi dola 58 na senti siku hiyo hiyo ya kwanza. Baadaye Microsoft ikaanza kuweka Internet Explorer bure ndani ya Windows, na biashara ya Netscape ikakauka. Mwaka 1998 kampuni ikafanya jambo ambalo wakati ule lilionekana kama la mfa maji: ikaweka msimbo wa kivinjari chake, yaani maandishi yanayoiunda programu, hadharani, yeyote auchukue, auboreshe. Ndipo ulipozaliwa mradi wa Mozilla. AOL, kampuni ya Marekani ya huduma za intaneti, ikainunua Netscape, ikaishi nayo miaka michache, na Julai 2003 ikauachia mradi ule ujitegemee kama taasisi, na dola milioni 2 za kuanzia. Novemba 2004 taasisi hiyo ikatoa Firefox 1.0.

Yaani Firefox ni mtoto wa Netscape. Shikilieni hapo.

Mei 2005 AOL ikaamua kulirudisha jina la zamani. Netscape 8 haikutengenezwa na mafundi wake wenyewe, bali na kampuni ya Kanada iliyopewa kazi hiyo. Na kampuni hiyo haikuanza upya: ilichukua Firefox, ikaivika sura mpya ya kijani, ikaongeza vitu vyake juu. Mzazi akarudi nyumbani amevaa koti la mwanawe.

Nilipoisikia habari hiyo nilifurahi, sina haja ya kuficha. Nilimfikiria mzee. Nikaacha mashine inapakua usiku kucha, maana tulikuwa tunatumia setilaiti, na miaka hiyo ya kabla ya nyaya za baharini kufika kwetu kila megabaiti ilikuwa na uchungu wake. (Firefox ilikuwa chini ya MB 5, moja ya sababu za kupendwa kwake ambayo sikuisoma katika magazeti ya wenzetu wenye intaneti ya kasi.) Asubuhi nikaiweka Netscape kwenye mashine tatu, Firefox nikaiacha kwenye tatu nyingine, mbili zikabaki na Internet Explorer peke yake. Nikakaa kusikiliza.

Wateja waligawanyika, tena kwa hoja. Mzee alipoiona ile N kwenye skrini alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kwake mjadala ulikuwa umeisha. Kulikuwa na mwanafunzi wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtu wa Firefox hasa, aliyetembea na flashi yenye viendelezi vyake, vile vipande vya kuongeza uwezo wa kivinjari, kama mganga na mkoba. Yeye alisema Netscape hii ni kinyago: vichupo (kufungua kurasa nyingi ndani ya dirisha moja) ni vya Firefox, kuzuia matangazo yanayochomoza ni kwa Firefox, kilichoongezwa ni mapambo na vitufe. Mzee akamsikia. "Kwani si ndiyo kusema ni kitu kile kile? Sasa ugomvi wa nini?"

Hoja iliyonichanganya zaidi ilitoka kwa dada mmoja aliyekuwa akiagiza nguo kutoka Dubai. Hakujali jina wala itikadi. Alikuwa na tovuti mbili za kuagizia mzigo zilizotengenezwa kwa ajili ya Internet Explorer tu. Kwenye Firefox vitufe vyake havikubonyezeka. Netscape 8 ilikuwa na injini mbili ndani yake, yaani mitambo miwili ya kusoma na kuchora ukurasa, ile ya Firefox na ile ya Internet Explorer, na ungeweza kubadilisha kutoka moja kwenda nyingine bila kutoka kwenye ukurasa. Dada akabofya, vitufe vikafanya kazi, akalipa saa yake akaondoka. Siku hiyo kama mngeniuliza, ningesema Netscape imeshinda. Mtu ambaye kazi yake imekwisha huwezi kumwambia kwamba kifaa alichotumia ni kibovu.

Lakini swali la mzee lilibaki kichwani. Kama ni kitu kile kile, ugomvi wa nini?

Jibu nililipata kwa kuchelewa, na kuchelewa huko ni kosa langu. Wiki ya pili ndipo niliposoma kwamba Netscape 8.0 ilijengwa juu ya Firefox 1.0.3, wakati Mozilla walikuwa wameshatoa 1.0.4 siku chache kabla, toleo la kuziba matundu ya usalama yaliyokuwa yanajulikana. Kivinjari kipya kabisa kilizinduliwa na matundu ambayo mwenye msimbo alishayaziba! Ndani ya saa chache tu wakatoa 8.0.1. Waliwahi, tuwape haki yao. Ila mimi nilikuwa nimepakua ile ya kwanza, nikaiweka kwenye mashine tatu za umma, watu wanaandika nywila zao pale kutwa, nami niko kaunta nauza vocha. Ben Goodger, aliyekuwa akiongoza uhandisi wa Firefox, alieleza hadharani wakati ule kwamba vivinjari vinavyotolewa upya kutokana na kazi ya Mozilla havitapata marekebisho ya usalama haraka kama Mozilla wenyewe wanavyoyatoa. Ukimsoma kwa haraka unaona ni mfanyabiashara anaponda bidhaa ya mwenzake. Ukitulia unaona anaeleza jinsi mambo yanavyokwenda.

Mpwa wangu nilimweleza hivi. Umepanga chumba kwa mtu ambaye naye ni mpangaji. Bomba likipasuka unamwambia yeye, yeye anamtafuta mwenye nyumba, mwenye nyumba anamtafuta fundi. Fundi ni yule yule na spana ni zile zile, ila wewe unakaa na maji sebuleni siku mbili zaidi ya jirani aliyepanga moja kwa moja. Na kwenye vivinjari kuna ubaya wa ziada: fundi akishaziba tundu, anatangaza lilikuwa wapi. Wezi wanasoma tangazo hilo pia. Kuanzia hapo wewe ambaye kiraka hakijakufikia ndiye unayelengwa.

Ile injini ya pili aliyoipenda dada wa nguo nayo ilikuwa na gharama yake. Ukurasa ukifunguliwa kwa injini ya Internet Explorer, udhaifu wa Internet Explorer unakuja nao. Netscape walijaribu kulipunguza hilo kwa orodha za tovuti zinazoaminika, kila kichupo na alama yake ya kuonyesha kama uko salama. Wazo si baya. Lakini maana yake ulikuwa na nyumba yenye milango miwili na walinzi wa makampuni mawili. Na kana kwamba hayo hayatoshi, muda mfupi baada ya kuzinduliwa Microsoft walieleza kwamba kompyuta ikiwekewa Netscape 8, Internet Explorer iliyomo humo inaonyesha kurasa za XML (muundo mmoja wa kuandika data) zikiwa tupu. Hilo nalo lilirekebishwa, kwa toleo jingine.

Sitaki mdhani Firefox ilikuwa malaika. Mashine zetu zilikuwa na RAM ya MB 128, na mwanafunzi wangu wa Mlimani akishafungua vichupo kumi na viwili, feni ya kompyuta ilisikika hadi kaunta. Fedha nyingi za Mozilla zimetoka kwenye mkataba wa kuifanya Google kuwa injini ya utafutaji ya mwanzo, kwa hiyo hata huko kuna mtu anayelipia chai. Na neno "huria", yaani msimbo ulio wazi kwa wote, peke yake halizibi tundu. Kinachoziba ni watu wanaoamka asubuhi wakijua ndiyo kazi yao. Msimbo ukiwa wazi unakupa jambo jingine: mwenye mali akichoka, wengine wanaweza kuendelea. AOL ilichoka mwaka 2003 na kazi haikufa.

Netscape haikuwa na bima hiyo. Waliiacha ile ya injini mbili, wakarudisha kazi ndani, na Oktoba 2007 wakatoa Netscape Navigator 9. Nami nasema hiki kilikuwa kivinjari kizuri: chepesi zaidi, kina uwezo wa kusahihisha anwani uliyoikosea kuandika, na safari hii kilitoka pia kwa Mac na Linux. Mzee alikipenda. Desemba 28 mwaka huo huo AOL ikatangaza kwamba inakifunga. Miezi miwili na nusu! Msaada ungeisha Februari 1, 2008, wakausogeza hadi Machi 1, na watumiaji wakashauriwa kuhamia Firefox au kivinjari kingine kiitwacho Flock. Flock nayo ilifungwa mwaka 2011, kwa hiyo waliochagua mlango huo walifungasha mara mbili.

Sasa nije kwa wewe unayeona jina ulilolipenda zamani limerudi. Usianze na sura yake. Fungua menyu, nenda sehemu ya "kuhusu", uone ni toleo gani na limejengwa juu ya nini. Siku hizi jibu karibu kila mara ni Chromium, msimbo huria ambao Chrome ya Google imejengwa juu yake, au msimbo wa Firefox. Chrome na Firefox hutoa toleo kubwa jipya kila baada ya wiki chache, na viraka vya dharura katikati. Linganisha namba. Wakiwa nyuma kwa siku chache, ni kawaida ya mpangaji wa mpangaji. Wakiwa nyuma kwa miezi, funga, hata kama wana rangi za kuvutia kiasi gani. Rudia zoezi hilo baada ya mwezi, maana siku ya uzinduzi kila mtu anakuwa ameoga.

Kisha jaribu kutoka kabla hujaingia. Nina maana hiyo hasa: weka alamisho tano (anwani za kurasa unazozihifadhi), halafu uzitoe kama faili la HTML, uzifungue kwenye kivinjari kingine. Jaribu na nywila moja isiyo na maana. Ikiwa kutoka ni kazi, kaa nje. Na hata ukiridhika, kitumie mwezi mzima kwa kusoma habari na kutazama mpira tu. Benki na akaunti za fedha zibaki ulikozizoea. Swali la nani analipia kivinjari hicho uliulize pia. Ukikosa jibu kwenye tovuti yao wenyewe, kukosekana kwake ni jibu.

Mimi nilibaki na Firefox mgahawani, na mashine moja nikaiacha na Internet Explorer kwa ajili ya dada wa nguo na tovuti zake mbili. Kumhamisha mwanafunzi hakukuwa na kazi, alikuwa amehamia siku nyingi. Kazi ilikuwa namba 4.

Februari 2008 nikamkalisha mzee, nikamweleza kwamba Netscape inafungwa na viraka havitakuja tena. Alisikiliza kama mtu anayepewa taarifa ya msiba wa mbali. Nikamhamishia alamisho zake, zilikuwa kumi na moja, tisa za magazeti na mbili za meli. Nikamwonyesha kila moja ilipokaa. Akauliza, "Na hii mpya inaitwaje?" Nikamwambia. Akajaribu kulitamka mara mbili, akatikisa kichwa.

"Badilisha hapo jina, kijana. Andika Netscape."

Nikabofya ikoni kitufe cha kulia, nikaandika. Tangu siku hiyo hadi tulipofunga duka, kila mteja mgeni aliyekaa namba 4 alinigeukia na swali moja: hii Netscape gani yenye picha ya mbweha? Nilikuwa nawaambia wamuulize mzee.