Mji mdogo hauna pa kujificha

Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza: "Ukipata nafasi ya kusoma ng'ambo, utachagua jiji kubwa au mji mdogo?" Mimi nimesoma miaka miwili Tübingen, kusini mwa Ujerumani, na nasema mji mdogo. Ila zile sababu za kila siku, utulivu na unafuu wa maisha, mniondolee.

Unafuu upi? Chuo kilianzishwa 1477. Mji wote una watu kama 90,000, na wanafunzi ni kama 28,000. Kila Oktoba wageni wanamiminika, na nyumba ni zilezile, zimebanana mlimani kwa mbao na chokaa kama zilivyokuwa, maana vita vya Hitler havikuubomoa mji ule. Mwezi wa kwanza nililala sakafuni kwa Mghana mmoja, Mungu ambariki. Juu ya hapo, tangu vuli ya 2017 jimbo lenye mji huo, Baden-Württemberg, linawatoza wanafunzi wengi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula, na majimbo mengi mengine hayatozi. Basi anayetafuta rahisi aangalie kwingine.

Nilichokipata mimi ni kuonekana. Muhula wa pili nilifeli mtihani wa takwimu, nikajifungia. Wiki mbili sikukanyaga darasani. Nilikuwa nikitoka jioni tu kununua mkate. Siku moja nipo kwenye foleni ya duka la mikate, nikasikia naitwa jina kwa nyuma. Kugeuka, ni mwalimu wetu wa mazoezi ya takwimu, kambeba mwanawe kifuani, baiskeli kaiegemeza nje. Hakunihubiria. Aliniuliza kama naumwa, kisha akaniambia mtihani utarudiwa na yeye hukaa ofisini Jumatano saa nane. Nilienda. Ningeachaje, ilhali Alhamisi ningekutana naye tena darajani? Binamu yangu aliyekuwa Berlin mwaka huohuo aliumwa karibu mwezi mzima, na wa kwanza kujua alikuwa mamake, yuko Mazeras huku kwetu, kwa simu.

Kuonekana huko kuna bei yake. Katika nyumba niliyopanga kulikuwa na kibao kidogo cha mbao kimeandikwa Kehrwoche, yaani wiki ya ufagio. Ukikikuta kimening'inia kwenye kitasa chako, zamu ya kufagia ngazi na njia ya mbele ni yako, ziwe chafu zisiwe chafu. Mara ya kwanza nilitazama ngazi, nikaona zinang'aa, nikaenda zangu maktaba. Jioni bibi wa ghorofa ya pili alinisubiri mlangoni. Alipitisha kidole juu ya mkono wa ngazi, akanionyesha: vumbi, lakini la kutafutwa kwa tochi. Toka siku hiyo nilifagia kila zamu, na nilihakikisha anasikia ufagio.

Baraza ya mji ni ngazi za kanisa kuu, Stiftskirche, zinazotazama uwanja wa Holzmarkt. Jua likitoka wanafunzi wanakaa pale na aiskrimu zao kama wazee wa Mji wa Kale Mombasa na kahawa, na kazi ni ileile: kutazama anayepita na anapita na nani. Likizo ikiingia uwanja unapwa kama hori, wanabaki watalii na sisi tusio na nauli ya kurudi nyumbani. Hapo ndipo nilipoyajua mazingira, maana kutembea ni bure. Unakata msitu wa Schönbuch kwa miguu hadi monasteri ya zamani ya Bebenhausen, unakula mkate wako chini ya ukuta, unarudi kabla ya giza.

Halafu kuna mto Neckar. Wana mashua ndefu bapa zinazoitwa Stocherkahn, na zinaendeshwa kwa pondo, mti mrefu wa kusukumia chini ya maji. Kila mwaka, sikukuu ya Mwili wa Kristo, kuna mashindano, na watakaoshika mkia wanakunywa mafuta ya ini la samaki mbele ya umati. Babu yangu alikuwa mpiga pondo kwenye hori ya Jomvu, na utotoni alinipandisha naye mtumbwini. Nilipoomba kushika ule mti wenzangu walicheka, wakaweka simu zao mifukoni wakingoja nitumbukize watu. Sikutumbukiza mtu. Wakaniuliza nimejifunzia YouTube?

La mwisho ni langu binafsi. Mimi ni mtoto wa Rabai, na nyumba ya Krapf, yule mmisionari Mjerumani, tunapelekwa kuitazama tangu shule ya msingi. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa 1844 na ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilitoka London 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, alizaliwa 1810 Derendingen, kijiji ambacho leo ni mtaa wa Tübingen, na chuo chake kilikuwa hichohicho changu. Nilikwenda kwa baiskeli Jumapili moja. Nyumba za kawaida, miti ya tufaha, mtu anaosha gari. Niliporudi niliwasimulia wenzangu wa nyumba. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumsikia. Kwetu kila mtoto wa darasa la nne anamjua.

Kwa hiyo wadogo zangu mnaojaza fomu: mji mdogo, ndiyo. Ombeni chumba siku ileile mnayopata barua ya chuo, wala msingoje viza. Na ufagio mtaukuta hukohuko.

Msomaji wenu,
Rabai, Kilifi