Miyombo ya baba imezeeka, nifyeke yote?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi niko Sikonge huku Tabora, marehemu baba katuachia msitu wa miyombo, yaani muba na mitundu, ndo tunatundika mizinga humo miaka yote. Sasa miti imezeeka, mingine ina mapango, na chini huoni mti mdogo hata wa dawa. Mdogo wangu anasomea misitu, anasema Marekani kuna mti unaitwa aspeni, wanafyeka eneo zima unaota wenyewe bila kupandwa. Na mimi nifyeke?
Mrina asali, Sikonge

JIBU: Marahaba mwanangu. Mdogo wako kasema kweli ila hajamaliza. Aspeni inachipua kwenye mizizi, kule Utah kuna msitu unaitwa Pando, hekta kama 43, mashina kama elfu 47, na wote ule ni mti mmoja, mizizi yake imeungana chini kwa chini. Shina likiwa zima linashusha homoni inayoizuia mizizi kuchipua, ukilikata kizuizi kinaondoka, jua linapiga udongo, machipukizi yanatoka kibao. Sasa hiyohiyo Pando inazeeka bila warithi kwa sababu kulungu wanatafuna kila kinachochomoza, mpaka ikabidi sehemu iwekewe uzio.

Na kwako ni hivyohivyo. Muba na mtundu nayo inachipua, kwenye visiki na kwenye mizizi, hata sasa hivi vichipukizi naamini vipo, ila ng'ombe wanavikata vikiwa vidogo halafu moto wa Septemba, nyasi zimekauka kabisa, unamalizia vilivyobaki. Ukifyeka leo bila kuzuia hayo mawili utabaki na visiki tu, nakuambia ukweli.

Kwa hiyo shoka liweke kwanza. Funga kona moja mifugo isiingie, kama Wasukuma wanavyofanya ngitili, yaani eneo la kuhifadhia malisho, na mwezi wa 5 au wa 6 nyasi zikiwa bado na ubichi safisha mkuza wa moto, yaani njia isiyo na nyasi ili moto usivuke, kuizunguka. Misimu miwili ya mvua ikipita utashangaa. Ukiona bado kivuli ni kizito ndo ukate kipande kidogo, wakati wa kiangazi, kwa msumeno mkali kisiki kisipasuke, na machipukizi yakikua kila kisiki bakiza mawili matatu yenye nguvu. Kabla hujakata muone afisa misitu akupe kibali hata kama shamba ni la baba.

Ile yenye mapango usiiguse, tafadhali sana! Humo ndo nyuki wa porini wanakaa, hondohondo anataga, komba analala. Na chipukizi halitoi maua leo wala kesho, ukifyeka yote nyuki watakula nini? Hata kwenye aspeni wanakata vipande kwa zamu, kuna ndege wao wa jamii ya kwale, vifaranga vinataka kichaka kichanga kujificha na yeye mwenyewe wakati wa baridi anakula vitumba vya miti mikubwa.

Anzia kona iliyo mbali na njia ya ng'ombe, mvua zikiisha niandikie kimeota nini.